Sauti ya Mdomo wa Chini

Joyline Chepngeno amesuka nywele Nakuru miaka mingi, na masikio yake yamezoea kila lugha inayokalia kiti chake. Lakini siku Odile, msusi mgeni kutoka kaskazini-magharibi mwa Kongo, alipopokea simu ya mamake, Joyline aliacha rasta ikining'inia mkononi. Katikati ya maneno, Odile aliuvuta mdomo wa chini nyuma ya meno ya juu, kisha akauachilia ukapiga nje, pap!

"Hiyo umefanya na mdomo ni nini?" Joyline akauliza simu ilipokatika.

Odile akainamisha uso. "Unanicheka?"

"Sikucheki, dada. Nataka kujua."

Basi Odile akamweleza. Ilikuwa sauti ya kawaida tu katika Kimono, lugha ya kwao.

"Kimono? Kama ile nguo ya Wajapani?"

"Jina tu limefanana." Watu wake si wengi, na hapa Nakuru hajakutana na hata mmoja. Katika saluni aliyofanyia kazi kwanza walimwiga wakaangua kicheko, akaacha kuongea lugha yake mbele ya watu.

Joyline akageukia kioo. Akavuta mdomo, akauachilia, yakatoka mate. Mteja akapangusa shingo huku akicheka, na Odile naye akashindwa kujizuia. Akamchagulia neno moja la kujifunzia. Joyline alilijaribu akiosha vyombo, akalijaribu hata kanisani wakati wa matangazo, mpaka midomo ikamuuma.

Siku sauti ilipotoka, Odile alipiga makofi, kisha akatikisa kichwa. "Mdomo sawa. Sasa bado kupanda na kushuka. Tuna sauti ya juu, ya kati na ya chini. Ukikosea, umesema kitu kingine."

Joyline akajisemea sentensi ya mfano kwa Kikipsigis, lugha ya kwao, polepole: kwamba Kimaiyo amempiga Chebet. Akarudia, akipandisha na kushusha sauti kwenye majina.

"Woi! Hata sisi!" akasema. "Nikibadilisha sauti ya jina, aliyepiga anakuwa ndiye amepigwa. Nimeongea hivi tangu utotoni na sijawahi kujisikia!"

Jioni wakampigia mamake Odile. Joyline akatamka neno lake. Mama akauliza jambo refu.

"Anauliza wewe ni binti wa nani," Odile akasema, machozi yakimlengalenga. "Anadhani nimepata mtu wa kwetu."

"Mwambie mimi ni wa Bomet."

Mama akacheka sana, kisha akaomba naye afundishwe salamu ya huko Bomet.

"Chamgei," Joyline akasema. Sauti ya kikongwe ikajaribu, ikakosea, ikajaribu tena.