Kidoti Kando ya Nyota Nyekundu

Mtaani walimwita Mama Herufi, na jina halikutoka mbali. Tangu akiwa msichana alikuwa mpima macho wa zahanati, na hakuna mtu pale ambaye hakuwahi kusimamishwa mbele ya ubao wake, ule wenye herufi moja tu inayogeuzwageuzwa, mara miguu mitatu juu, mara miguu mitatu chini, huku yeye akiuliza kwa sauti ya kuchoka, "Hii inaangalia wapi? Usiniambie kwa mdomo, nioneshe kwa mkono." Kwa mkono, kwa sababu mdomo una haraka ya kuongopa. Alishawakamata madereva wangapi waliokariri ubao mzima kwa kuwasikiliza waliotangulia, wakaja kumtajia mstari wa mwisho kabla hata hajawaziba jicho! "Umesoma vizuri sana, baba," anasema. "Sasa ngoja nigeuze ubao." Hapo jasho lilikuwa linawatoka.

Mume wake alikuwa fundi saa, mtu mpole, mchache wa maneno. Mchana kutwa alikodolea macho vigurudumu vidogo kama mbegu za ufuta, na jioni, badala ya kuyapumzisha hayo macho kama watu wengine, aliyapandisha mbinguni. Darubini yake alijiundia mwenyewe uani: bomba la plastiki la maji machafu, kioo alichoagiza, na stendi ya mbao iliyolia kila ilipoguswa. Mwezi haukumshughulisha. "Mwezi hata ng'ombe anauona," alisema. Alichopenda ni nyota pacha, zile ambazo kwa macho matupu ni moja, lakini ukizipata ndani ya darubini, na hewa ikatulia, zinaachana na unaona ni mbili zimekaa karibu, moja kubwa, moja ndogo. Kuziachanisha hizo ndiyo ilikuwa starehe yake. Wengine wana mpira.

Mkewe alimfuata uani shingo upande, mwisho akanogewa kuliko mwenyewe. Na ni yeye aliyeleta sheria ya zahanati pale uani. Anayetangulia kutazama anafunga mdomo. Wa pili anatazama, naye anafunga wake. Kisha wote kwa pamoja wanaonesha kwa mkono ile ndogo imekaa upande gani wa ile kubwa. Mikono ikielekea upande mmoja, nyota ipo. Ikipishana, mmoja anaota. Mwamuzi wao alikuwa binti yao, mtoto wa kwanza na wa mwisho, ndiyo maana walimwita Kitinda. Alikaa kwenye kibaraza cha tangi la maji, miguu inaning'inia, na mikono ikipishana alipiga kelele, "Baba ameota! Baba anaosha vyombo!" Walicheka sana miaka ile.

Kisha Kitinda akafa. Homa ya siku chache tu, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, basi, hakuna la kuongeza.

Darubini ikafunikwa turubai. Baada ya muda mrefu fundi saa aliifunua, lakini aliifunua peke yake. Mkewe hakutia tena mguu uani jua likishazama. Alikuwa akifunga mlango wa jikoni kwa komeo, anafungulia redio, anakaa ndani na kazi yake ya kufuma mpaka mumewe arudi. "Siwezi kukitazama kile kibaraza," alisema mara moja, na hakulazimishwa.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, fundi saa akaanza kuona mambo mawili. La kwanza lilihusu nyota moja nyekundu, kali, ambayo kila mtu aliijua kuwa ni moja. "Ina mwenzake," alimwambia mkewe. "Kidoti kidogo sana, chini, kushoto kidogo." Vitabu vyake havikukitaja. Rafiki yake, mwalimu mstaafu mwenye darubini ya namna hiyo hiyo, alikuja akatazama, akapangusa kioo, akatazama tena, akatikisa kichwa kwa huruma.

La pili alilisema mezani, kwa sauti ile ile ya mtu anayekwambia chumvi imepungua.

"Kitinda anakaa nje jioni. Pale pale kwenye kibaraza. Hasemi kitu. Nikigeuka kumtazama vizuri hayupo. Nikirudi kwenye nyota, yupo."

Mama Herufi aliweka kijiko chini. "Baba Kitinda, nakuomba. Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii kitu, mama. Nakwambia nilichokiona."

"Umekiona kwa macho yapi? Hayo yanayoona nyota ambayo haipo?"

Neno lilimtoka kwa hasira, lakini ndilo lililobaki katikati yao. Fundi saa hakubishana. Alisema tu, na akasema tena jioni nyingine nyingi, "Njoo utazame mwenyewe basi." Hakwenda. Mdogo wa mumewe, dereva wa lori, alimpeleka kaka yake hospitali, na daktari akasema ni mishipa ya kichwa, utu uzima, apewe dawa na asibishiwe. Akapewa dawa, na akaendelea kumwona mtoto. Mwisho akafa usingizini, hana ugomvi na mtu.

Msiba ulipopoa, shemeji akaanza. Si kwa ubaya, ni mtu mwenye moyo, ila mdomo wake nao haujui breki. "Shemeji, nyumba yote hii uko peke yako kama mlinzi. Njoo kwangu, chumba kipo, watoto wapo, utapata wa kugombana nao. Hii tupangishe." Na wapangaji akawapata kweli, mtu na mkewe waliotaka kuvunja tangi na kibaraza chake wajenge vyumba viwili vya uani. Mama Herufi akakubali. Akaanza kufunga mizigo. Lakini alikuwa na jambo moja linalomla usiku na mchana, na kabla ya kukabidhi funguo alitaka kulimaliza.

Alitaka kuitazama ile nyota nyekundu, na alitaka kwa moyo wake wote asione kitu.

Maana hesabu yake ilikuwa hii. Kama kidoti hakipo, basi macho ya marehemu yalikuwa yameharibika, maskini ya Mungu, na aliyoyaona kibarazani yalikuwa ugonjwa. Unalia, unamsamehe, unahama. Lakini kama kidoti kipo, basi yale macho yalikuwa mazima. Na kama yalikuwa mazima, Kitinda alikaa pale nje mwaka mzima, jioni baada ya jioni, na kwa mama yake mzazi hakuja hata mara moja. Hilo ndilo lililomtisha. Mzimu haukumtisha. Angeufungulia mlango kwa mikono miwili.

Jioni ya kwanza alitoka na khanga mbili mabegani, mgongo ameupa kibaraza, akafunua turubai. Bomba lilinuka vumbi na mafuta ya saa. Aliitafuta nyota, akaipata, na ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye homa, cheche nyekundu kila upande. Hakuona kitu kando yake. Jioni ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Alirudi ndani anahema kwa nafuu, akalala fofofo, asubuhi akafunga masufuria kwenye maboksi huku anaimba. Majirani walimsikia, wakasema, aah, afadhali, mama wa watu ameanza kupona.

Siku shemeji alipokuja na lori kuchukua vitanda, mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana ikakata ghafla. Jioni ilipoingia hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kamba ya nguo. Shemeji alikuwa sebuleni anafungua kitanda na kukilaani. Mama Herufi akatoka kwenda kuifunga darubini, ipakiwe nayo. Akasema, ngoja niiage. Akainama.

Nyota ilikuwa imetulia kimya, duara dogo jekundu, halichezi. Na chini yake, kushoto kidogo, kulikuwa na kidoti.

Aliondoa jicho. Akalifikicha. Akarudi. Kipo.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, mimi najua jibu." Na ni kweli, alikuwa amekariri ubao. Mtu aliyeambiwa mwaka mzima chini, kushoto kidogo, ataona chini, kushoto kidogo, hata ukimpa ukuta. Angekuwa mgonjwa wake mwenyewe asingejipa cheti. Alihitaji jicho ambalo halijaambiwa, na jicho hilo lilikuwa sebuleni na bisibisi mkononi. Marehemu hakumwambia mdogo wake habari ya kidoti, alijua angechekwa.

"Shemeji! Hebu njoo hapa."

Akaja anajipangusa. "Nini tena? Tunaipakia au tunaiabudu?"

"Tazama humo. Ukiona kitu, usiniambie. Nioneshe kwa mkono."

"Kwani nataka leseni?" Lakini akainama. "Ehee. Naona taa ya breki."

"Tazama vizuri."

Akatazama. Mara ya kwanza kwa mzaha, kisha akanyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza si jambo dogo. Mama Herufi alisimama nyuma yake, mikono ameifungia ndani ya khanga, uso mkavu kama wa kazini, asije akamkonyeza bila kujua. Alikuwa anaomba. Aliomba shemeji aseme hakuna kitu, ampige kofi la mgongo kwa utani, wapakie vitanda waende.

"Kioo chako kichafu, shemeji," alisema yule bwana. "Kuna kivumbi kinang'aa."

"Nimesema kwa mkono."

Mkono ukanyooka. Ukashuka chini, ukavuta kushoto kidogo.

Mama Herufi akaushika mdomo wa bomba. "Usitoe jicho. Nazungusha hiki kioo cha kutazamia. Kivumbi kinazunguka nacho?"

"Hakizunguki."

"Sasa nasukuma bomba. Nyota inakimbia, siyo? Na chenyewe je?"

"Kinaifuata. Kimeing'ang'ania, hakiachi." Akainuka. "Kumbe ziko mbili! Lo, mbona nzuri hivyo. Kaka alikuwa anaziona hizi?" Akageuka, akamkuta shemeji yake amekaa chini kwenye sementi iliyolowa, khanga na vyote. "Shemeji! Vipi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, ya kidoti, na hesabu yake juu ya yale ya kibaraza, na neno alilomjibu mumewe mezani. Dereva wa lori alisikiliza, na polepole akasogea mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jikoni, macho hayataki kwenda upande wa tangi.

"Kwa hiyo kaka alikuwa mzima," alisema.

"Alikuwa mzima. Na mimi nikamchoma kwa maneno mezani pake, akafa anadhani namwona mwendawazimu."

"Lakini shemeji..." Alitafuta la kumpoza, akalipata lisilo lenyewe, kama kawaida yake. "Si ufurahi basi? Mtoto wako alikuja."

Hapo ndipo alipolia. Hata kwenye msiba hakulia vile. "Alikuja kwa nani? Mwaka mzima, shemeji! Mwaka mzima mwanangu yuko nje hapa, mimi niko nyuma ya ule mlango, hata ningekohoa angenisikia. Hakuja kugonga. Hakuja hata kuchungulia. Nilimbeba mimi, nikamuuguza mimi, nikamwosha mimi. Kwa nini aje kwa baba yake tu? Nilimkosea nini?"

Shemeji alikuwa anautazama mlango wa jikoni, na komeo lake. Alipojibu hakuwa na nia ya kumwumiza, ilikuwa tu ndiyo fikra iliyomjia.

"Labda alijaribu," alisema. "Si ulikuwa umefungwa?"

Vitanda viliteremshwa kutoka kwenye lori usiku ule ule. Wapangaji waliambiwa nyumba haipangishwi tena, na aliyewaambia ni shemeji mwenyewe, bila kuulizwa sababu na bila kutaka kuisema. Yeye siku hizi akija anakuja mchana. Akiaga, hapiti uani.

Mama Herufi yupo. Jua likizama anafungua mlango wa jikoni wazi kabisa, anazima redio, anazima taa, anakaa kwenye darubini na kuziachanisha nyota moja baada ya nyingine. Hajui hata kama anaziona. Kibarazani hageuki, ameshaambiwa ukigeuka hayupo. Anangoja kitu kwenye pembe ya jicho, jioni zote, na mpaka leo hakijaja. Kuna jirani mmoja, kijana aliyehamia juzi, hajui habari za watu, alimsalimia juu ya ukuta akamtania, "Mama, bado tu hujazimaliza hizo nyota?"

"Nyota nilishazimaliza, mwanangu," alijibu, jicho bado limo kiooni. "Namsubiri binti yangu. Nilimfungia nje."