Mkunjo Kati ya Nyusi

Miaka kumi na tisa ya kupiga picha za pasipoti ilimpa jina, Bi Pasipoti, na ubishi wa kutosha. Programu yake ya kulipia ilipogoma kwenye kompyuta kuukuu, fundi cherehani wa mlango wa pili alimshauri afunge studio akauze ndimu. Yeye akafungua tovuti ya bure ya kurekebisha picha, ile isiyohitaji kupakua kitu wala kujisajili, akaanza kujifunza upya, kitufe kwa kitufe.

"Cha bure hicho," fundi cherehani alimtania.

"Hata macho yako ulipewa bure," akajibiwa.

Alhamisi akaja mshona viatu na picha ndogo iliyokunjwa mara nne. Ndiyo picha pekee ya mke wake, aliyefariki siku aliyomzaa binti yao. Jumamosi asubuhi binti huyo alikuwa anasafiri kwenda kusoma ng'ambo, na baba alitaka aondoke na uso wa mama yake, mkubwa na safi.

Bi Pasipoti akaipiga skani, akazama kazini. Alifuta mikunjo mmoja baada ya mwingine, akiziba kila ufa kwa ngozi aliyoinakili pembeni yake. Ijumaa mchana uso ulikuwa laini kama yai. Akauchapa, roho kwatu.

Mshona viatu alipokuja kuuchukua, aliusogeza karibu na miwani yake.

"Kazi nzuri, mwanangu. Ila huyu mama hajawahi kunigombeza hata siku moja."

"Una maana gani, baba?"

"Mke wangu alikuwa na mkunjo hapa, kati ya nyusi. Akiwaza, upo. Akinikasirikia, ndiyo usiseme. Huyu simjui."

Bi Pasipoti alitamani ardhi ipasuke. Mkunjo wa karatasi ulipita palepale, naye alifuta yote bila kuuliza. Angeweza kuchora mstari akamaliza kwa dakika mbili, lakini ungekuwa uongo, na binti angeubeba maisha yake yote. Akafungua upya skani ya mwanzo, akavuta kigoda.

"Kaa hapa, baba. Leo hatuondoki mpaka mkeo arudi."

Akaikuza picha mpaka ikajaa kwenye skrini. Kila mstari akauonyesha kwa mshale na kuuliza, "Karatasi, au yeye?"

"Karatasi."

"Na huu?"

"Karatasi. Hapo usiguse! Huyo ni yeye."

Saa kumi na mbili jioni picha ikatoka. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena.

"Ibaki hapa. Kesho binti yangu apite aichukue mwenyewe. Mimi nitalia."

Asubuhi binti aliingia na begi lake, akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Akakunja uso ili aione vizuri. Bi Pasipoti akamtazama yeye, akatazama picha, akashindwa kunyamaza.

"Unakunja uso hivyo tangu lini?"

"Tangu utotoni. Shuleni waliniita Bibi Kizee."

Kisha akaitazama picha tena. Kidole chake kikapanda taratibu kati ya nyusi zake, kikabaki hapo.

"Nilidhani ni wangu peke yangu," alisema.