Salvina Alivyolikataa Neno Guía

Mwaka 1996 wanawake waliobeba mizigo mlima Kilimanjaro walikuwa wa kuhesabika. Salvina wa Kilema nilimfahamu vizuri, maana nilikuwa mpishi kwenye safari nyingi alizopanda. Kihispania alikipata misheni kwa Sista Pilar, mtawa kutoka Hispania aliyefundisha ushonaji. Wenzake walishona tu. Yeye alishona huku akidaka maneno.

Safari moja mwaka huo tulipata wageni wanne kutoka Hispania. Kiongozi wetu, Filbert, alijua Kiingereza tu, kwa hiyo getini Marangu Salvina akajitambulisha mwenyewe: "Soy portera." Wageni wakatazamana, wakacheka. Mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Nuria, akamweleza taratibu kwamba hilo ni neno la mlinzi wa mlango, au la golikipa. Mwanamke anayebeba mizigo mlimani ni porteadora.

"Kumbe nimejiita golikipa!" Salvina akatuambia, akacheka kuliko sisi wote. Akajitwisha mzigo, na njia nzima hadi kambi ya Mandara nilimsikia akilirudia neno jipya.

Siku ya tatu tulifika kambi ya Kibo mchana. Mume wa Nuria, mzee Andrés, alianza kuyumba, lakini kila Filbert alipomtazama aliinua dole gumba kuonyesha yuko salama. Salvina, aliyekuwa akipanga mizigo karibu, akamsikia akimnong'oneza mkewe kwamba kichwa kinampasuka na anaona vitu viwili viwili.

"Kaka Filbert, huyu baba anaficha ugonjwa," akasema. "Ashuke sasa hivi."

Filbert akakubali. Mzee akagoma, alikuwa amekiwazia kilele cha mlima huo tangu ujana wake. Salvina akachuchumaa mbele yake, akaongea naye polepole. Sikuelewa hata neno moja, ila niliona mzee akifuta machozi, kisha akampa mkono amnyanyue. Filbert akabaki na wale wageni wawili. Mimi nikateremka na Nuria, nimebeba begi, Salvina mbele yetu amemshikilia mzee kiunoni. Tulipofika kambi ya Horombo mzee aliomba chai, akaanza kutania.

Tulipokutana wote getini, Andrés akamshika Salvina bega, akatangaza: "Mi guía!" Kiongozi wangu. Hilo hata sisi tulilielewa.

Salvina akatikisa kichwa. "Porteadora," akamsahihisha. "Guía ni Filbert. Yeye ana leseni, mimi sina."

Filbert hakuwa mtu wa kusifu. Alimtazama, akasema, "Basi kaitafute, dada. Nitakupeleka mwenyewe kwenye mtihani."

Mtihani wa kwanza ulimshinda kwenye majina ya mimea. Akarudi, akafaulu. Wiki hiyo mama yake alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, majirani wakaja kunywa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwao. Baba yake, ambaye hakuwahi kukubali binti yake apande mlima na wanaume, akaomba kuiona leseni. Akaisoma yote. Kisha akajaza kata ya mbege, akamkabidhi Salvina kabla ya mzee yeyote pale kupewa.