Antoinette Alivyojifunza Kuvuka

Antoinette wa Mururu aliuza nyanya Bukavu, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi, mpaka asubuhi ile mvua ilipowakimbiza watu kwenye daraja la mpakani, umati ukambana ukingoni. Hakuumia hata ukucha. Lakini tangu hapo, kila alipokaribia mpaka moyo ulimwenda mbio, pumzi zikakatika, mikono ikafa ganzi, akawa na hakika anakufa. Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakasema mapepo. Mimi jirani yake nilisema apelekwe kwa mjuzi, nani alinisikiliza?

Sisi watu wa huku tuna huruma ya kuua. Wifi yake, Marguerite, alilibeba beseni lake la nyanya akawa anavuka badala yake. "Weye bakia tu nyumbani, dada." Kila alipobaki, hofu ilinenepa.

Kilichomuuma si nyanya. Mama yake mzazi, ajuza asiyeweza tena kutembea, alikuwa ng'ambo, mtaa wa Kadutu, Bukavu. Antoinette alitaka kumwona kabla hajafa, basi.

Mwishowe alikwenda mwenyewe hospitali ya Gihundwe kwa mshauri wa saikolojia, binti aitwaye Uwera. Hakupewa dawa ya kumeza.

"Maman, ile haiko kifo," Uwera alimwambia. "Mwili unalia 'Moto!' pahali moto haiko. Ukikimbia, unauambia ulisema kweli. Bakia pale mpaka moyo utulie yenyewe."

Wakaanza mbali, kwenye mteremko wa kushukia mpakani. Siku nyingine wakasogea hadi kwenye kizuizi, baadaye mwanzo wa daraja. Antoinette alilia, alitapika, alimtukana Uwera na ukoo wake mzima. Ila hakukimbia, na kweli, polepole moyo ulitulia. Kila jioni Marguerite, akitoka kuuza ng'ambo, alimletea salamu za mama: "Maman anakusalimia. Anakula muzuri."

Asubuhi moja akavuka peke yake, gauni limelowa jasho, maparachichi ya mama yamefungwa kwenye kitenge. Nilimwona akishuka mteremko, nikafurahi kama mjinga.

Kadutu alimkuta kaka yake, Birindwa, mlangoni.

"Maman iko wapi?"

Birindwa aliinamisha kichwa. "Tulisha kumuzika, dada. Kitambo."

"Na salamu za Marguerite?"

"Ni siye tulipanga naye. Muntu mugonjwa wa roho, hatumuambiaka habari ya kifo. Tuliogopa utamufuata."

Ndiyo desturi yetu hiyo, na laiti ningeweza ningeichoma moto. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawa walikificha na kilio chenyewe. Mwenzao alikuwa darajani anapigania kila hatua, wao wanamtungia salamu za maiti.

Antoinette alisimama. Moyo haukumwenda mbio, mikono haikufa ganzi.

"Aliniita?"

Birindwa akanyoosha mikono kumpokea kitenge cha maparachichi.

"Birindwa, maman aliniita?"

"Kila siku."

"Mulimujibu nini?"

"Hatukutaka ajue unagonjwa," Birindwa akasema. "Tulimuambia uko na kazi mingi."