Mrija Uliozibwa kwa Ulimi

Hudson Osinya alikuwa nyapara wa wapagazi kwenye uwanja wa malori wa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwuliza uzito wake. Waliuliza uzito wa magunia. Alipopandishwa cheo aliacha kubeba, akawa wa kusimama na kunyoosha kidole, na kitambi kikaja taratibu, bila kelele. Siku moja aliinama kufunga kamba ya kiatu, akashikwa na kizunguzungu, akakaa chini mbele ya vijana wake.

Nesi wa kliniki ya jirani, Sandra, alimtoboa kidole, akasoma kimashine chake, akakunja uso. Sukari ilikuwa juu.

"Mzee Hudson, haya mafuta ya tumboni lazima yatoke," alisema. "Lakini usijinyime hovyo. Ukishinda njaa mwili utakula hata misuli, na kazi yako ni ya misuli. Kula mayai, kuku, maharage, dagaa, mboga. Ugali wa wimbi, muhogo na chapati, punguza. Rudi ubebe magunia machache kila siku. Na pombe, wiki kumi na mbili, hata tone."

Akamzungushia utepe kiunoni, kisha mkononi, akaandika namba mbili kwenye karatasi. Ya kiunoni ishuke, ya mkononi isiguswe.

Osinya akaapa. Na kiapo cha Osinya si cha kuchezea, kwa maana huyu ndiye aliyeweza kukaa miaka mitatu bila kusemezana na Omaido, kaka yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, alisimama kaburini mbele ya waombolezaji akatamka kwamba kama Omaido angekuwa na akili, mama angekuwa hai. Omaido huyo huyo aliyemwogesha mama na kumgeuza kitandani kwa miezi minane, wakati Osinya anatuma salamu kwa simu. Watu walitazama chini. Osinya mwenyewe alijua ameropoka kabla hata hajakaa, ila kurudisha maneno mdomoni kulimshinda.

Habari za utepe na mayai hakumwambia mtu, ila mke wake, aliyekuwa anayachemsha. Angeanzia wapi? Jitu zima, nyapara, liseme linapunguza mafuta! Vijana wa malori wangemcheka mpaka Malaba.

Wiki ya nane, mjomba wao mzee Obore akawaita wote wawili nyumbani Mukuju. Chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kiliwekwa katikati, na Amulen, mke wa Omaido, akamimina maji ya moto. Mirija mirefu ikatumbukizwa. Kila aliyezaliwa Mteso kama wao anajua maana yake: waliogombana wakinywa chungu kimoja, neno limekwisha. Anayekataa mrija amekataa amani, na anayekunywa na kinyongo moyoni humroga mwenzake.

Jibu Osinya alikuwa nalo mdomoni. Mimi nina sukari, nesi amenikataza. Maneno machache tu. Lakini mjomba alikuwa amemkazia macho, na nani angeamini, siku kama ile, kwamba ni sukari na si jeuri? Basi akashika mrija kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa, akaziba tundu kwa ncha ya ulimi, akavuta mashavu ndani, koo likiwa limefichwa na kola ya shati. Akavuta tena. Alifanya hivyo karibu saa nzima, na alifanya vizuri.

Mbele yake Omaido alikunywa mpaka machozi yakamtoka. "Imekwisha, ndugu yangu," alisema.

"Imekwisha," Osinya akajibu.

Njiani alijipongeza kidogo: amani amepata, kiapo hakukivunja. Pongezi zenyewe hazikufika mbali. Alipolala aliona machozi ya Omaido, na alipoamka yalikuwa bado yapo. Alimdanganya mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea, mahali pale pale pa kuombea msamaha, ili alinde kiuno chake. Alijiambia kwamba pombe ni pombe tu, na kwamba yeye ni mtu wa kanisa. Haikusaidia. Kila yai alilomenya asubuhi roho ilimsuta.

Na mwili, kwa ubishi wake, ulizidi kutii. Mkanda ukaongezwa tundu, kisha la pili. Mashavu yakaingia ndani, suruali zikaanza kupwaya. Watu wa Mukuju waliokuja sokoni Busia walimwona, wakarudi na habari zao.

Jumamosi ya wiki ya kumi na moja, Omaido alitokea mlangoni, kuku jike kwapani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Yoga, Hudson."

"Yoga noi, kaka. Karibu sana."

Omaido aliitazama suruali ya mdogo wake, akatikisa kichwa. "Ni kweli wanasema. Wewe nakwisha."

"Niko sawa tu, kaka."

"Usinifiche. Mimi najua hii kitu natoka wapi." Aligusa koo lake. "Ile siku nilikunywa, lakini maneno yako ya kwa kaburi ilikuwa bado hapa. Mdomo nasema imekwisha, roho nasema bado. Nilikunywa na hasira ndani. Sasa ile chungu nakula wewe. Ni mimi nakuua, Hudson. Wiki mbili silali. Hii kuku nimeleta, unisamehe, tuanze upya."

Osinya alimtazama yule kuku. Na tuseme ukweli, njia ya kutokea aliiona: apokee kuku, aseme amesamehe, aendelee kukonda kwa siri au anenepe kidogo kumfurahisha kaka. Hata aliwaza, Mungu amrehemu, kwamba kuku ni katika vyakula alivyoruhusiwa. Kisha akaona mikono ya Omaido ikizilaza taratibu mbawa za yule kuku. Ndiyo mikono iliyomwogesha mama.

"Sikukunywa," alisema.

"Nini?"

"Kaka, sikukunywa hata tone. Niliziba mrija kwa ulimi."

Akaileta karatasi ya Sandra, akaeleza yote kwa haraka, sukari, utepe, mafuta na misuli, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa aibu. Omaido alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo wewe si mgonjwa wa kufa."

"Hapana."

"Na mimi hasira yangu haikukuroga."

"Hapana, kaka. Kosa ni langu. La kaburini langu, na hili pia langu."

Omaido aliinuka. "Basi mimi nilikunywa peke yangu," alisema, akatoka. Kuku alimwacha chini, miguu imefungwa, na Osinya hakuthubutu kumwita.

Jumatatu Sandra alipima akapiga makofi. Kiuno kilikuwa kimeshuka sentimita kumi na tatu, mkono uko vilevile, sukari imerudi inapotakiwa. "Mzee Hudson, wewe ni mfano!" alisema. Neno hilo lilimwuma kuliko ile sindano ya kidole.

"Nesi, ajono," aliuliza. "Siku moja. Nitaharibu?"

"Kidogo, na uwe umekula kwanza. Kesho yake uje nikupime. Kuna sherehe?"

"Kuna deni la mdomo," alijibu.

Alipiga simu Mukuju akiwa amesimama nje ya kliniki. Iliita mpaka ikakatika. Alipopiga tena ilipokewa na Amulen.

"Shemeji, naomba kaka."

"Hataki kusema na wewe."

Osinya hakukata simu. "Mwambie kuku wake yupo, hatujamchinja. Mwambie nataka kuja. Nitakuja na wimbi yangu, nitakaa popote atakaponiweka."

"Wimbi acha huko," alisema Amulen. "Jana, tangu kanisani, hajaongea. Alipanda ghalani akashusha wimbi yake mwenyewe, sasa nimeloweka. Chungu nakuwa tayari Jumamosi ya wiki ijayo. Kuna kitu moja tu amesema nikuambie ukipiga."

"Kitu gani?"

"Usivae shati ya kola. Utakaa mbele yake, karibu, na yeye ataangalia koo yako mpaka chungu inaisha."