Mkata miwa aliyeazima damu ya mdogo wake

Alfajiri, Nicasio Umanzor ananoa panga ambalo hakuna aliyemwambia alinoe. Lori la wakata miwa linapita nje ya uzio wake, hapa magharibi mwa Nikaragua. Anainuka, anakaa, anainuka tena.

"Tulia wewe, utanimwagia kahawa!" mkewe, Yamileth, anamfokea.

Kijijini hapa hata watoto wanaijua kreatinini. Ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikiwa nzima huichuja ikatoka na mkojo. Zikichoka, taka inabaki damuni na namba inapanda. Kiwanda cha sukari hupima kila mtu kabla ya msimu. Ukizidi 1.3, huna kazi.

Nicasio, mwenye miaka 38, alipimwa mwaka jana akapata 1.6. Msimu huu akatumia ujanja wa huku: alimtuma mdogo wake, Wilmer, akapimwe kwa kitambulisho chake. Wilmer ana miaka 26 na hukata miwa kwa tajiri asiyepima mtu.

"Nilimchagua kwa sababu ni dume la ng'ombe," anasema Nicasio. "Nikamwambia, bwana mdogo, niazime damu."

Majibu yalikuja kwa jina la Nicasio: 2.4.

"Pale langoni wakanipa pole. Pole ile haikuwa yangu."

Mwandishi wa habari hizi, aliyezika binamu wawili wakata miwa, alitaka kumgombeza akashindwa. Huku nani hajawahi kudanganya ili watoto wale?

Wilmer hakutaka kusikia. "Siumwi popote, kaka. Mashine yao imelewa!"

"Figo haziumi mapema," anasema Aracely Munguía, muuguzi wa zahanati. "Lakini kipimo kimoja hakitoshi. Jua na kiu navyo hupandisha namba. Aje mwenyewe, kwa jina lake, turudie."

Leo ndiyo siku yenyewe. Wilmer anatokea amevaa buti za shambani.

"Napita zahanati, halafu kazini."

"Kazini kwa nani? Huendi!" Nicasio anamkatiza.

"Wewe ni mama yangu?"

Nicasio amekwisha kuelewana na baba mkwe wake: ndugu hao wawili watalima ndizi zake, kivulini, namba iwe yoyote. Wilmer anamcheka, lakini anamfuata njiani.

"Nilikuwa nahangaikia kazi," Nicasio anasema, akigeuka kila mara kuhakikisha mdogo wake bado yupo nyuma. "Sasa kazi wachukue. Mimi nataka ile namba iwe ya uongo."