Kiti cha Mama

Harufu ya viti vya gari vilivyokaa juani bado hunichefua. Nikifungua mlango wa teksi mchana wa jua kali, ile plastiki ya moto ikanipiga puani, husimama kidogo kabla ya kuingia, na madereva hudhani namwomba Mungu kwa sababu ya uendeshaji wao. Nawaacha wadhani hivyo. Kwa kweli nakuwa nimerudi nje ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, nina miaka minane, nimevaa gauni la mtumba lenye vifungo vyekundu, na mlango wa gari la baba mdogo Lusajo uko wazi mbele yangu.

Kwetu ni Lufingo, huku Rungwe, ambako nguo huanikwa asubuhi na kuanuliwa mbichi jioni. Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Miaka ile viwanda vikaanza kuuzwa, akaja mwenye mali mpya na mashine zake na mafundi wake, baba akaambiwa apumzike nyumbani. Alipumzika mwezi mmoja tu, kisha akaenda kusini, nchi za watu, kutafuta kazi. Katika barua yake moja aliniandikia mimi peke yangu mistari mitatu: nikirudi, Atu, nitakupandisha gari dogo, nikuonyeshe maghorofa yote ya Dar, moja moja. Niliisoma ile barua mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Mwaka wa pili habari ikaja kupitia baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa akiishi Dar. Baba anaumwa sana, wenzake wamempandisha ndege, njooni tumpokee na kumpeleka hospitali. Tukaondoka watu watatu: babu mzaa baba, mama, na mimi.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa kosa langu. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani. Hawaongei, hawaangaliani usoni, hawakai chumba kimoja. Babu akitoka kwake alikohoa toka mbali, na mama akisikia kikohozi kile aliacha hata chungu jikoni, akapita nyuma ya nyumba na kuingia migombani. Wakikutana njiani bila kutegemea, mama alitoka pembeni, akachutama na kujifunika kitenge mpaka babu apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Siku hizi mambo yamelegea, lakini wao wawili walishika kweli kweli, na aliyepeleka maneno kati yao alikuwa mimi. "Gwe mke wangu," babu aliniita kwa utani, "mwambie mama yako chumvi imekwisha kwangu." Nikakimbia. Mama akajibu, nikakimbia tena. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kwenye treni kutoka Mbeya babu alikaa behewa la mbele na mama la nyuma, na mimi usiku na mchana nikawa napita katikati nikibeba ndizi za kuchoma na salamu. Abiria mmoja aliniuliza kama wazazi wangu wamegombana.

Uwanjani mama alisimama nyuma ya nguzo, kitenge kikiwa kichwani. Babu alisimama mbele kabisa mlangoni, kofia mkononi. Baba alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na kusema kweli sikumtambua. Nilitambua koti lake. Babu alimshika mikono yote miwili akasema, "Ndaga, mwanangu, ndaga," neno letu la pole na la shukrani, akalirudia mpaka sauti ikamkatika. Mama hakuweza kusogea, maana babu alikuwa pale pale. Nilimwona akichungulia, akijificha, akichungulia tena. Baba naye aligeuza shingo taratibu akimtafuta.

Gari la baba mdogo lilikuwa dogo, mtumba wa Japani, karatasi ya maandishi yao bado imebandikwa kiooni. Wakamlaza baba kiti cha nyuma. Nafasi ilibaki ya mtu mmoja wa kumpakata kichwa, na ya mwingine mbele kwa dereva. Babu alitazama, akafikiri, akaniita kando.

"Gwe Atu, nenda kwa mama yako. Mwambie apande yeye, akae na mume wake. Mimi na wewe tutapanda basi. Vibao vya basi mimi sivioni, utanisomea."

Nilisimama pale na lile agizo mdomoni. Gari lilikuwa linang'aa. Baba alikuwa mle ndani, baba yangu niliyemsubiri miaka miwili, pamoja na maghorofa yangu yote. Mimi niende na basi, nikasome vibao!

Nilikwenda nyuma ya nguzo nikamwambia mama, "Babu anasema sisi tutangulie na gari. Wewe uje na basi."

Mama aliniangalia. Akasema tu, "Haya. Mshike baba yako kichwa, kisigonge mlango."

Nikarudi mbio. "Mama anasema anaona aibu, babu. Anasema nendeni tu, atakuja na basi."

Babu alitikisa kichwa polepole. "Ni mkwe wa heshima huyu," akasema, akaingia mbele. Kila mmoja aliniamini kwa sababu ndivyo mwenzake angeweza kusema, na hapakuwa na siku ambayo wangekaa pamoja waulizane.

Basi nikapanda, kiti kikinichoma mapaja, kichwa cha baba kikiwa chepesi mno mapajani pangu. Tukashika Barabara ya Pugu kuelekea mjini. Kwanza aliuliza, "Mama yako?"

"Anakuja nyuma, baba."

Alikuwa amelala chali, haoni kitu ila paa la gari, kwa hiyo nikaamua nimwonyeshe mimi. Nilimwambia tumepita kiwanda chenye bomba refu. "Eeh," akasema. Tumepita stesheni ya treni yetu ya Mbeya. "Eeh." Kuna mtu anauza magodoro kumi kwa mpigo, ameyabeba kichwani. Akatabasamu kidogo, kisha akauliza tena, "Mama yako amekuja?" Nikasema yuko nyuma yetu tu. Akauliza mara ya tatu, nikajibu vile vile, na safari hiyo nilikereka kidogo, kwa kuwa ghorofa la kwanza lilikuwa linaanza kuonekana.

Pale barabara inapovuka reli tulisimamishwa, treni ya mizigo inapita. Nikaanza kumhesabia. Ile nyumba ina ghorofa nne, baba. Ile tano. Ile nyeupe kule ni ndefu kuliko zote, sioni mwisho wake. Hakuitikia. Nilidhani amesinzia, nikaendelea kwa sauti ya chini nisimwamshe. Babu ndiye aliyegeuka kumtazama, akavua kofia.

Mama alifika hospitali kwa basi karibu saa nzima baadaye, anahema, ameshika mfuko wa maparachichi aliyoyabeba toka nyumbani kwa ajili ya mumewe. Nilimwona kabla hajatuona. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Tulimzika baba Lufingo, kwenye mvua. Tangu hapo mama na babu waliishi boma moja miaka mingi, mmoja akikohoa na mwingine akiingia migombani. Babu hakuchoka kumsifu mkwe wake mbele za wageni. Mama aliposikia sifa zile alikaza midomo na kuongeza kuni. Alimpikia kila siku, na chakula kilikuwa kizuri, lakini hakuniagiza tena salamu kwake. Mimi nikakua, nikaolewa Bulyaga, nikazaa, na kila mwaka nikasema mwaka huu nitawaambia. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuficha uoga huo.

Babu alikufa wakati wa kuchuma chai, kabla sijawaambia. Wanawake walipomaliza kulia na kutoka nje, mama alibaki mlangoni, kisha akaingia, akainama akamtazama usoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alitazama muda mrefu.

"Kumbe yeye na mwanawe walifanana hivi," akasema. Halafu, bila kunigeukia: "Mtu mwenye sura hii. Sijui kwa nini siku ile hakunihurumia."

Nikamwambia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, gari, basi, vibao, maneno ya babu kama alivyoyasema. Nilikuwa mtoto wakati ule, ndiyo, lakini nilikuwa mtu mzima miaka yote niliyonyamaza, na katika miaka hiyo mama alimlaumu mzee aliyekuwa amempa kiti chake. Saa ya mwisho ya ndoa yake niliimaliza mimi, nikihesabu maghorofa.

Mama alivua kitenge chake cha mabegani akamfunika babu miguu, ingawa alikuwa amefunikwa tayari. Akaketi chini kando yake, mkwe na baba mkwe chumba kimoja. Nilisubiri anipige, au alie.

"Nisimulie njia," akasema. "Toka uwanjani."

Nikakaa. Nikamwambia baba alivyolazwa, na kichwa chake kilivyokuwa chepesi. "Eeh," akasema. Nikamwambia alivyomuulizia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Eeh." Bomba la kiwanda, stesheni, muuza magodoro. Tulipofika pale kwenye reli, treni inapita, nikanyamaza.

Mama hakuniangalia. Alikuwa akiutazama uso wa babu.

"Endelea," akasema.